Rahisi Ghali: Waya za Aluminiamu Zilizotesa Marekani, na Mbona Wewe wa Bedsitter Unafaa Kucheki Soketi Yako Leo

Kuna harufu flani kila mse wa ploti anafaa kuijua. Si ya omena ya jirani, ingawa inakaribiana. Ni harufu ka ya samaki imeanza kuharibika, imechanganyika na plastiki imeungua, na inatoka kwa ukuta.

Mimi niliiskia usiku mmoja nikipika ugali na koili kwa bedsitter. Nikadhani ni jirani. Nikamaliza kupika, nikakula, nikalala fiti. Asubuhi nikitaka kuchaji simu ndio nikaona uso wa soketi umetoka kwa nyeupe ukawa rangi ya chai ya maziwa, na tundu moja liko na masizi.

Caretaker alikuja na ile jibu kila caretaker wa Nairobi amekariri: "Shida yenu mnawasha vitu mingi." Akaenda zake.

Nikaita fundi mwingine, mzee mmoja amefanya kazi ya stima tangu kabla nizaliwe. Akazima main switch, akafungua soketi, akakata kipande kidogo cha waya, akakikwaruza na kisu. Juu ilikuwa rangi ya shaba. Ndani ilikuwa nyeupe pe. Akanionyesha akicheka kidogo.

"Kijana, hii si shaba. Hii ni sufuria imepakwa rangi."

Hapo ndio nilianza kufuatilia hii story. Na nikapata kuwa si mpya hata kidogo. Wamarekani waliipitia miaka karibu 60 iliyopita, na mpaka sai bado wanailipia. Ukielewa ya kwao, utajua cha kumjibu caretaker.

Wamarekani walitangulia

Katikati ya miaka ya 1960, Marekani ilikuwa inajenga nyumba mob sana, na wakati huo huo vita ya Vietnam ilikuwa inameza shaba. Bei ya shaba ikapaa. Wajenzi wakacheki kando wakaona aluminiamu: nyepesi, bei ya chini, na kampuni za stima tayari zilikuwa zinaitumia kwa laini kubwa za nje. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Kama inabeba stima kutoka mji hadi mji, itashindwa aje kufika kwa soketi ya sebuleni?

Kati ya 1965 na 1973, karibu nyumba milioni 2 zikawekwa waya za aluminiamu ndani ya kuta. Canada nao wakafuata njia hiyo hiyo. Na hapa ndio inakaa noma: hakuna mtu alikuwa anavunja sheria. Waya ilikuwa imekubaliwa, inspekta ameangalia, familia imehamia na makochi mapya.

Siku ya kwanza kila kitu ilikuwa sawa. Mwaka wa kwanza pia. Ni baadaye ndio watu wakaanza kuona taa zinachezacheza bila sababu, soketi ziko na joto, plastiki imebadilika rangi. Tarehe 28 Aprili 1974, watu wawili walikufa kwa moto wa nyumba huko Hampton Bays, New York. Maafisa wa zimamoto wakasema chanzo ni kiungo kibovu cha waya ya aluminiamu kwa soketi. Si kwamba mtu aliacha pasi ikiwaka, ama mtoto alicheza na kiberiti.

Tume ya serikali ya Marekani ya usalama wa bidhaa, CPSC, ikaingia kazini. Utafiti uliofanywa kwa niaba yake ulisema hivi: nyumba yenye waya ya aluminiamu iliyotengenezwa kabla ya 1972 iko na uwezekano mara 55 zaidi ya nyumba ya shaba, wa kuwa na kiungo kimoja ama zaidi kwa soketi ambacho kimefikia hali ya hatari ya moto.

Ielewe vizuri hiyo namba juu watu huipotosha. Haisemi hizo nyumba zinaungua mara 55 zaidi. Inasema ndani ya ukuta kuna mahali pamefika joto la kuweza kuwasha kitu, na wewe uko hapo kwa kochi unatazama mpira.

Nyumba nyingi za enzi hiyo bado zimesimama. Ka uko na cousin majuu anatafuta nyumba ya kununua, na amepata moja bei poa iliyojengwa kati ya 1965 na 1973, mwambie aulize swali moja tu: waya ni ya nini? Mara nyingi jibu limeandikwa kwa ganda la waya yenyewe, kule juu ya dari ama chini kwa besmenti: AL ama ALUMINUM. Kuna kampuni za bima huko hukataa kabisa nyumba kama hiyo, zingine zinaongeza bei. Na kampuni ya bima haiogopi kitu bure.

Sufuria yako inaweza kukufunza hii physics

Mimi si injinia, so nitakuelezea venye fundi alinielezea, na venye nilithibitisha baadaye.

Moja. Chukua sufuria, ikwaruze na steel wool mpaka ing'are. Hapo hapo hewa inaanza kuivalisha utando mwembamba. Huo utando ni oksidi ya aluminiamu, na haupitishi stima vizuri. Shaba pia huvaa utando, lakini wa shaba hausumbui hivyo. So mahali waya ya aluminiamu inaguza skrubu ya soketi, kunaweza kuwa na kizuizi katikati.

Mbili. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu theluthi moja zaidi ya shaba. Ukiwasha koili inatanuka, ukizima inanywea. Fanya hivyo kila asubuhi na kila jioni kwa miaka.

Tatu. Ni laini. Ukiibana na skrubu inabonyea polepole, na ikibonyea, skrubu yenye ilikuwa imekaza inabaki imelegea bila mtu kuiguza.

Nne. Ukiikutanisha na shaba moja kwa moja halafu unyevu uingie hapo kati, inaanza kuliwa. Sasa fikiria bafu ya bedsitter.

Hizo nne zikikutana ni kama deni ya mobile loan. Kiungo kinalegea, kikilegea kinatoa joto, joto linakilegeza zaidi, kinatoa joto zaidi. Waya yenyewe katikati ya ukuta inaweza kuwa sawa kabisa. Ngori iko kwa viungo: kwa soketi, kwa swichi, kwa taa, na mahali fundi alisokota waya mbili akafunga na tepu nyeusi akaenda lunch.

Na ndio maana zile laini unaona juu ya milingoti mtaani, nyingi zao ni aluminiamu na hakuna mtu analia. Ni nene, ziko kwa hewa, na zinaunganishwa na vifaa maalum vya kuzibana. Aluminiamu ikitumiwa na mtu anajua ni aluminiamu haina kesi. Kesi inaanza ikitumiwa kama shaba.

"Si breka ingekata?"

Hili ndilo swali nilimuuliza mzee, na jibu lake ndio lilinitoa usingizi.

Breka inaangalia kitu moja: ni stima kiasi gani inapita. Ikipita kiwango, inakata. Lakini kiungo kilicholegea hakihitaji stima izidi. Stima ile ile ya kawaida, yenye breka inaona ni sawa, ndio inageuka moto hapo kwa kiungo.

Chukua instant shower ya wati 5,500. Kwa stima yetu ya volti 240, hiyo inavuta karibu ampea 23. Sasa seti kiungo kimoja kibovu kwa hiyo laini chenye ukinzani wa 0.2 ohm, kitu kidogo hata hungekijali. Piga hesabu ya form three: 23 mara 23 mara 0.2. Unapata zaidi ya wati 100. Unakumbuka zile bulbu za zamani za wati 100, venye ukiguza zinakubabua? Hiyo ndio umefungia ndani ya kiboksi cha plastiki kwa ukuta, kila wakati ukioga. Breka inaona ampea 23 zake, inatulia tuli.

So caretaker akisema mnawasha vitu mingi, yuko na nusu ya ukweli. Ni kweli ukiwasha vitu mingi kiungo kibovu kinapata moto haraka. Lakini kama waya ni ya shaba, saizi ni sawa na kiungo kimekazwa, vitu zikizidi breka ndio ingekata. Soketi ikigeuka rangi ya chai na breka bado imesimama, hiyo ni kiungo kibovu, na mara nyingi kilianza siku fundi aliweka waya. Hukuwa umehamia hata.

Yetu imevaa koti

Marekani, waya ilijitambulisha. Iliandikwa jina. Yetu inakuja imejificha.

Kitu mzee alinionyesha ni waya ya aluminiamu iliyofunikwa na ngozi nyembamba ya shaba. Yenyewe si haramu kila mahali. Kuna kazi za simu na antena inafanya vizuri. Wizi ni kuiuza kama waya ya shaba ya nyumba. Kwa macho huwezi tofautisha. Ganda limeandikwa milimita 2.5, rangi ni ile ile, rola inakaa mpya. Lakini aluminiamu ya unene huo inapitisha stima kwa karibu asilimia 61 tu ya vile shaba ingepitisha. Na fundi akiichuna na pliers, hiyo ngozi ya shaba inakwaruzika, aluminiamu inabaki uchi hapo hapo kwenye skrubu.

Mbona mtu afanye hivyo? Cheki bei. Mei 2024, shaba ilipita dola 11,000 kwa tani kwa soko la London, rekodi mpya wakati huo. Aluminiamu ilikuwa chini ya dola 3,000. Hiyo nafasi hapo katikati ndio mtu anakula.

Na Kenya tunajua shaba ni dhahabu. Unakumbuka Januari 2022? Milingoti ya stima ikaharibiwa na wezi wa vyuma, nchi nzima ikaingia giza, na Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma kuukuu. Tulijadili sana wasee wanaoiba shaba na vyuma vya nje. Tukasahau kuna mwingine anaiba shaba ndani ya ukuta, na huyu haibi usiku. Anaiba kwa kutoiweka kabisa.

Utasema, lakini hii ni story ya nyumba za zamani, na ploti yetu ni mpya, ina tiles na gate ya rimoti. Buda, zile za Marekani pia zilikuwa mpya mwaka wa 1968. Aluminiamu haihitaji uzee wa nyumba, inahitaji muda tu. Ploti inayopakwa rangi leo ndio nyumba kuukuu ya 2040, na waya itakuwa ile ile.

Kila mtu ameokoa doo, isipokuwa wewe

Angalia mnyororo. Aliyeleta waya ameongeza faida. Mwenye duka ameuza bei ya chini kuliko jirani. Fundi amebakisha kitu kwa pesa ya vifaa. Landlord amemaliza ghorofa ya sita bila kuongeza loan. Hakuna hata mmoja kati yao analala hapo. Anayelala hapo ni wewe, na hukuulizwa.

Kwa makaratasi tuko sawa. Kipengele cha 46 cha Katiba kinampa kila mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na ulinzi wa afya na usalama wake. KEBS inaangalia viwango. Kuna mamlaka nzima ya kupambana na bidhaa bandia. EPRA inatoa leseni kwa mafundi wa stima, na nyumba kabla ipate mita inafaa kuwa na cheti kimesainiwa na fundi mwenye leseni.

Tatizo ni kwamba hivi vyote vinaangalia kabla plasta ipigwe. Baada ya hapo hakuna mtu anarudi. Na mara nyingi jina kwa cheti ni la mse ambaye hakuwahi kukanyaga hiyo site. Aliyepitisha waya ni kijana wa kibarua aliyelipwa kwa siku. Simlaumu huyo kijana. Alipewa rola, akaambiwa amalize floor mbili kabla ya Ijumaa.

Wamarekani walipata njia ya kurekebisha. CPSC inakubali njia chache tu: kutoa waya yote na kuweka ya shaba, ama kila kiungo kwa nyumba kiunganishwe kipande cha shaba kwa vifaa maalum vya kubana, kazi ya fundi aliyesomea. Kusokota na kufunga haikubaliki kama tiba ya kudumu. Ni bei, lakini kwao mwenye nyumba mara nyingi ndiye anaishi ndani, so anauma meno analipa. Kwetu anayeishi ndani si mwenye nyumba. Hiyo tofauti ndio inafanya yetu ichukue muda kurekebishwa.

Sasa wewe ufanye nini

Kwanza, usifungue soketi wewe mwenyewe. Volti 240 haijali umeangalia video ngapi. Lakini kuna vitu unaweza kucheki leo bila kuguza bisibisi.

Weka mgongo wa mkono kwa uso wa soketi baada ya kutumia koili, pasi ama kettle. Joto kidogo kwa plagi ni kawaida. Soketi yenyewe ikikufanya utoe mkono, zima.

Angalia rangi. Njano, kahawia, masizi kwa matundu, plastiki imejikunja: hiyo si uchafu wa kusugua na Omo.

Skiza. Soketi ama swichi haifai kutoa mlio wa kuchemka ama kupasuka pasuka.

Nusa. Ukiskia hiyo harufu ya samaki na hujapika samaki, usifanye venye nilifanya. Usilale.

Cheki taa. Zikipungua kila ukiwasha shawa, ama zikichezacheza wakati jirani zako ziko sawa, ita fundi.

Ukiita fundi, muulize leseni ya EPRA. Orodha iko kwa mtandao wao. Mwambie akate kipande cha waya akikwaruze ukiona. Shaba ni shaba mpaka ndani. Ukinunua waya mwenyewe, inue rola kwa mkono: shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya aluminiamu, so rola nyepesi ka mkate ni jibu tosha. Tafuta alama ya KEBS na namba ya kibali, halafu uitume kwa 20023 ukianza na SM#. Bei ikiwa nusu ya duka zingine zote, jua shaba haiko.

Ukipata waya ni mbovu, piga picha, andika meseji kwa landlord ama agent, weka tarehe. Simu hupotea, meseji hubaki. Na usikubali fundi akuunganishie shaba na aluminiamu kwa kusokota na tepu. Hiyo ni kuhamisha tatizo mita moja.

Na moto ukianza kwa soketi, usimwage maji. Zima main switch ka unaifikia, toka nje, amsha majirani, piga 999 ama 112.

Venye iliisha kwangu

Mzee alivuta waya ya shaba kutoka kwa breka mpaka kwa soketi yangu, na nyingine ya shawa, akaweka soketi mpya. Ilichukua asubuhi moja. Nilibishana na landlord kwa WhatsApp karibu wiki mbili nikimtumia picha ya kile kipande kilichokwaruzwa, mwishowe akakubali tugawane gharama nusu kwa nusu. Bado nadhani ni yeye alifaa kulipa yote, lakini nilikuwa nimechoka kuoga maji baridi.

Kabla aende nilimuuliza, "Mzee, sasa hizi keja zingine?"

Akaangalia korido juu na chini. "Rola ni moja, kijana. Hawakununua waya tofauti ya nyumba yako."

Ploti yetu iko na nyumba 32. Nilirusha ile picha kwa group ya ploti, wanane wakaita fundi. Caretaker aliandika kuwa naharibia ploti jina. Mama mmoja wa floor ya nne, anayekaa na watoto watatu, alinijibu kando kwamba soketi yake ya jikoni imekuwa moto tangu Desemba, na kila akilalamika anaambiwa anawasha vitu mingi.

Anatumia pasi na fridge.